Hii kazi ulimfanyia nani? Mahojiano ya grafisti Lubumbashi

Mimi ni grafisti, yaani mbunifu wa afishi, logo na kazi nyingine za kuchapwa. Nimehojiwa katika ajensi nyingi za mawasiliano hapa Lubumbashi, Kongo, kabla ya kupata kazi ya kudumu, na sasa ni miaka kadhaa mimi mwenyewe ninakaa na wanaohoji. Swali lililoamua mambo lilikuwa lile lile kila mara, ingawa lilikuja kwa maneno tofauti: hii kazi ulimfanyia nani? Kijana anafungua potifolio, yaani mkusanyo wa kazi zake, anaonyesha afishi (tangazo la kubandika) safi, rangi zimekaa vizuri, herufi zimepangika. Anayemhoji anaitazama kwa muda, kisha anamuuliza ni nani aliyetakiwa kuisoma, akiwa wapi, akiwa anafanya nini. Hapo nimeona watu wenye kipaji kikubwa wakinyamaza. Inaniuma, kwa sababu wengi wao jibu wanalo. Hakuna aliyewaambia kwamba wataulizwa.

Mji wetu una wateja wa aina yake. Kuna kampuni za migodi na wakandarasi wao, kuna benki, mitandao ya simu, viwanda vya bia, makanisa, shule za binafsi, mashirika ya misaada. Mkataba unaandikwa kwa Kifaransa na mkutano unafanyika kwa Kifaransa, lakini afishi ikitoka inakwenda kukutana na watu wanaoongea Kiswahili mitaani Katuba, Ruashi, Kamalondo, kwenye soko la mtaa wa Kenya. Grafisti anaishi katikati ya hizo sehemu mbili, na ajensi inataka kujua kama anazijua zote. Kwa hiyo nilijizoesha kueleza kila kazi yangu kwa lugha zote mbili, kwa sauti, nyumbani, kabla ya kwenda. Kifaransa changu cha shule kilinitosha kusema "utambulisho wa chapa" na maneno mengine makubwa, lakini nilipoieleza kazi ile ile kwa Kiswahili kwa yaya yangu, yaani ndugu yangu mkubwa, ambaye anauza vitambaa, ndipo nilipojua ni sehemu zipi sikuwa nimezielewa hata mimi.

Kuhusu potifolio yenyewe, ninashauri kazi chache, nane au kumi, na ziwe zimechapwa. Najua siku hizi kila mtu anatuma kiungo cha intaneti au anaonyesha kwenye simu. Kiungo kitumwe, ndiyo, kabla ya siku ya mahojiano. Lakini umeme wa SNEL, kampuni ya umeme ya taifa, ukikatika na jenereta ya ofisi ikawa haijawashwa, betri ya kompyuta ya zamani haikungoji, na karatasi ziko palepale mezani. Kuna sababu nyingine ninayoiona kubwa zaidi. Karatasi inaonyesha kwamba umewahi kusimama kwenye kiwanda cha uchapaji ukasubiri kazi yako itoke. Mtu anayehoji anaishika, anaipeleka dirishani, anaangalia kama nyeusi ni nyeusi kweli. Mazungumzo yanabadilika, mnaanza kuongea kama watu wa kazi moja.

Kazi iliyonisaidia zaidi katika mahojiano yangu haikuwa ya kampuni kubwa. Ilikuwa ya chama cha akina mama wa likelemba, wanaochangiana pesa kwa zamu, waliotaka vitambaa vya tarehe 8 Machi, siku ya wanawake. Walitaka kitenge chenye alama ya chama chao, na bei ya kuagiza kitenge kilichochapwa kiwandani kwa kiasi kidogo kama chao ilikuwa juu ya uwezo wao. Tukanunua kitambaa cha rangi moja na kuchapa kwa serigrafi, yaani kusukuma wino kupitia wavu uliowambwa kwenye fremu. Katika serigrafi kila rangi inahitaji fremu yake, na kila fremu ni pesa, kwa hiyo alama iliyokuwa na rangi nyingi niliichora upya kwa rangi mbili. Halafu nikaenda kwa fundi cherehani Katuba kumuuliza kitambaa hicho atakikata vipi. Akanionyesha kwa chaki mahali ambapo sketi itaangukia. Kama ningeiacha alama mahali nilipoiweka mwanzoni, akina mama wangekuwa wanaikalia, pamoja na jina la chama. Nikaigawa ikawa ndogo, ikarudiwa kwa mshazari, na jina nikalipeleka kwenye pindo, ambapo linasomeka mtu akiwa amesimama au anacheza.

Mama mmoja mkurugenzi wa ubunifu, ambaye alikuwa ameshapitisha afishi zangu nyingine bila neno, alisita alipofika kwenye kitambaa hicho. "Papa, wazo la kwenda kwa fundi ulilipata wapi?" Nikamjibu, "Mama, kitambaa hakiishii kwangu. Kinaishia kwake." Tuliongea juu ya pindo na fremu na bei ya wino muda mrefu kuliko kitu kingine chochote siku ile. Tangu hapo nimewaambia wadogo zangu: kama una kazi ya kanisa, ya harusi, ya duka la jirani, na unaweza kueleza kila uamuzi uliochukua, iweke mbele. Logo ya kampuni ambayo haipo, iliyobandikwa juu ya picha ya kikombe iliyotoka kwenye intaneti, inafanana na nyingine zote tulizoletewa wiki hiyo, na haina mtu yeyote wa kutuambia kama ilimsaidia au haikumsaidia.

Maswali ya uchapaji yanakuja mapema, na yanachuja watu wengi. Ajensi ikikosea faili, ndiyo inayolipa kuchapa upya, kwa hiyo wanataka kujua kama watalala usingizi baada ya kukuachia kazi. Utaulizwa tofauti ya rangi za skrini, yaani nyekundu, kijani na buluu, na zile wino nne za mashine: sayani, majenta, njano na nyeusi. Utaulizwa kwa nini buluu iliyong'aa kwenye kompyuta imetoka imekufa kwenye karatasi. Utaulizwa ile ziada ya milimita 3 kila upande ambayo kisu kitaikata, na kama unakumbuka kubadilisha fonti kuwa michoro ya vekta, yaani maumbo yasiyotegemea fonti tena, kabla ya kutuma faili, kwa sababu mashine ya mchapaji huenda haina fonti yako. Kwa paneli ya barabarani ya mita 4 kwa 3, niliwahi kuulizwa ningetengeneza faili ya ukubwa gani. Ukiifanya kwa kipimo cha moja kwa kumi, sentimita 40 kwa 30, yenye nukta 300 kwa inchi, ikikuzwa inabaki na nukta 30 kwa inchi, na hiyo inatosha kwa sababu hakuna anayeisoma akiwa ameigusa. Aliyenihoji hakuwa na haja ya hesabu peke yake. Alitaka kusikia ule mwisho, kwamba umbali wa msomaji ndio unaoamua.

Swali moja nalipenda kiasi kwamba sasa ninaliuliza mwenyewe: rangi ya shaba ungeichapaje? Hapa kwetu kila mtu anataka shaba. Migodi inataka shaba, benki inataka shaba, na potifolio nyingi zina msalaba wa shaba wa Katanga, ule uliokuwa pesa zamani na ukaingia kwenye bendera ya Katanga ya mwaka 1960. Kwa wino nne za kawaida shaba haing'ai, inatoka kahawia au rangi ya machungwa iliyochoka. Ili ing'ae unahitaji wino wa tano wenye chembe za metali, au kubandika karatasi ya metali kwa joto, na mteja aelezwe gharama hiyo kabla hajaipenda picha aliyoiona kwenye skrini. Kijana anayejua hilo nitamsikiliza. Na yule anayeniambia "ningemshauri mteja aache shaba, kwa sababu washindani wake wote wameichukua tayari" nitamsikiliza zaidi.

Waliponiuliza ni wasanii gani wananivutia, niliona wenzangu waliotangulia wakitaja majina ya New York na London, na hakuna ubaya, mimi pia nilijifunza mengi kutoka kwao. Lakini mtu wa Lubumbashi ana mengi ya kuanzia. Mwaka 1946 Pierre Romain-Desfossés alianzisha hapa karakana ya wachoraji iliyoitwa Hangar, na kutoka humo akatokea Pilipili Mulongoy, ambaye ndege na samaki wake wamezungukwa na vistari vidogo vilivyorudiwa mpaka karatasi yote inatikisika. Mtu anayetaka kuelewa namna ya kujaza nafasi na kuiacha ipumue aangalie kazi hizo. Kuna Sammy Baloji, aliyezaliwa hapa mwaka 1978, aliyechukua picha za kumbukumbu za wafanyakazi wa enzi ya ukoloni akaziweka juu ya picha alizopiga kwenye viwanda vilivyochakaa vya Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali. Na kuna mafundi wasiojulikana kwa majina wanaochora herufi kwenye kuta za maduka na saluni, wanaojua upana wa herufi inayosomeka kutoka kwenye teksibasi inayopita. Nilieleza nilichochukua kutoka kwa kila mmoja, na nilikuwa na kazi za kuonyesha nilichochukua. Bila sehemu hiyo ya pili, majina peke yake hayasaidii.

Kisha kuna jaribio. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo vijana wanapoumizwa.

Jaribio zuri linafanyika ofisini, ni fupi, na lina mtu wa kuulizwa maswali. Nilipewa moja hivyo: afishi ya kuwakumbusha wafanyakazi wa mgodi kuvaa barakoa za vumbi, saa moja, karatasi na penseli kwanza, kompyuta baadaye ukitaka. Wazo la kwanza linalokuja kwa kila mtu ni mapafu meusi na neno la kutisha kwa herufi kubwa. Nikauliza itabandikwa wapi. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo, wakanijibu. Nikauliza wafanyakazi wanakaa humo muda gani. Wanapanga mstari wakingoja vifaa, kila asubuhi. Wanasoma lugha gani? Kiswahili wengi, Kifaransa baadhi. Barakoa wanazo? Wanazo, lakini wengi wanazivaa bila kubana, hewa inapita pembeni. Majibu hayo yalibadilisha kila kitu. Mtu anayepita kwenye barabara ya Kasapa anahitaji maneno matatu, lakini mtu anayesimama mstarini hatua moja kutoka ukutani ana muda wa kusoma. Nikaacha mapafu. Nikachora hatua nne za kuvaa barakoa, uso mmoja, mikono ikionekana, mshale mdogo mahali pa kubana puani, na sentensi fupi ya Kiswahili chini ya kila mchoro. Ilikuwa penseli tu, sikuwasha kompyuta. Waliohoji waliangalia karatasi yangu ya maswali kabla ya kuangalia mchoro.

Jaribio baya nililipata kwingine. Ajensi moja ilinipa kazi ya kwenda nayo nyumbani: logo, kadi, kichwa cha barua, kibao cha mlangoni, vyote vya mteja wa kweli mwenye jina la kweli, na nilete faili za asili, zile zinazoweza kuhaririwa. Niliifanya kwa moyo wote. Sikupigiwa simu tena. Baadaye nikaona mtaani kibao chenye alama ile ile, rangi moja ikiwa imebadilishwa. Nilikwenda kuuliza, nikaambiwa mawazo yanafanana. Sikuwa na karatasi yoyote iliyosema kwamba kazi ile ilikuwa ya kupimwa tu.

Nchi yetu ina sheria ya haki za waandishi na wasanii, ile ya tarehe 5 Aprili 1986, na michoro yetu imo ndani yake. Lakini sheria inahitaji ushahidi, na ushahidi unautengeneza siku unayotuma kazi, si siku unayoona kibao. Sasa ninawaambia wote wanaoniuliza: tuma PDF ya ubora mdogo, jina lako na tarehe zikiwa ndani ya ukurasa, faili za asili zibaki kwako mpaka kuna mkataba, na katika barua pepe andika sentensi moja kwamba kazi hii ni ya jaribio na haitumiki kwa mteja bila makubaliano. Kama mteja ni wa kweli na kazi ni ya siku kadhaa, uliza kwa heshima italipwa kiasi gani. "Patroni, nitaifanya kwa furaha, jaribio hili lina malipo gani?" Ajensi yenye nia njema haikasiriki kwa swali hilo. Iliyokasirika imekuonyesha mapema namna mtakavyoishi nayo.

Katika ofisi yetu tulibishana juu ya hili. Wengine walisema jaribio la nyumbani linaonyesha bidii ya mtu. Mimi nasema linaonyesha zaidi nani ana umeme nyumbani, nani ana kompyuta yake mwenyewe, nani hana watoto wa kulisha jioni. Tulikubaliana jaribio liwe la ofisini, la mteja wa kubuni, kwenye mashine zetu.

Yapo maswali ambayo hayahusu kazi kabisa. Dada mmoja niliyesoma naye, mwenye jicho la herufi kuliko mimi, aliulizwa kama amechumbiwa na ataacha lini kazi kwa ajili ya uzazi. Mimi sikuwahi kuulizwa hilo hata mara moja. Wengine huulizwa wao ni watoto wa nani, wazazi walitoka mkoa gani, na kila mtu wa Lubumbashi anajua uzito wa swali hilo katika mji uliojengwa na watu waliokuja kufanya kazi kutoka pande zote. Sina dawa ya kumpa anayeulizwa. Yule dada alijibu, "Papa, naomba tuongee juu ya kazi zangu," akafungua ukurasa uliofuata, na nadhani hakuna jibu bora. Lakini mzigo si wake. Ni wetu tunaohoji, na mwenzangu akiuliza hivyo nikiwa mezani ninamkatiza.

Kazi za pamoja nazo zina swali lake: sehemu gani uliifanya wewe? Sema ukweli wote. Kama picha alipiga mwingine, mtaje. Kama wazo lilikuwa la bosi wako na wewe ulipanga herufi tu, sema ulipanga herufi, kisha eleza kwa nini ulizipanga hivyo. Mji huu ni mdogo kwa watu wa kazi yetu. Aliyetengeneza ile kampeni huenda yuko chumba cha pili.

Pesa inakuja mwisho, na inazungumzwa kwa dola. Uliza kama kiasi wanachotaja ni kabla au baada ya kodi ya mshahara na mchango wa CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, ambao kwa mfanyakazi ni asilimia 5. Uliza muda wa majaribio, yaani miezi ya kupimwa kazini kabla ya kuthibitishwa. Kanuni ya kazi ya mwaka 2002 inataka uandikwe, na kwa mfanyakazi mwenye utaalamu hauwezi kupita miezi 6. Nimekutana na wenzangu walioishi kwenye "majaribio" mwaka na zaidi, bila karatasi, wakilipwa nauli. Uliza fonti na programu za ofisi zina leseni ya nani. Na uliza kitu ambacho wengi wanakisahau kwa furaha ya kupata kazi, kama utaruhusiwa kuonyesha katika potifolio yako kazi utakazozifanya pale, na baada ya muda gani tangu kampeni itoke. Kwa wateja wa migodi, ambao hupenda usiri, jibu linaweza kuwa hapana, na ni afadhali ulijue kabla ya kusaini, maana unaweza kufanya kazi miaka mitatu na ukatoka huna cha kuonyesha.

Ombi hilo nililiomba nilipoajiriwa, wakaliandika. Katika mikataba ya vijana tunaowachukua sasa sentensi hiyo imo, chini ya ile ya muda wa majaribio, na huwa ninawasomea kwa sauti kabla hawajachukua kalamu.